Wali bila mboga: Skyrim na modi 163, kisha Skyrim tupu

Naandika hasira zikiwa bado zimenikaa kooni, kwa hiyo nikiruka hatua mnivumilie. Kama unatafuta laptopu gani inasukuma Skyrim, hayo yapo kila mahali. Gemu hili la mapanga na majoka lilitoka 2011, mimi nacheza toleo la Special Edition la 2016, na muuza laptopu yeyote atakujibu. Nina swali moja tu, lile ambalo kila anayelinunua leo analiuliza: nianze na modi au nianze tupu? Na nina maneno mawili matatu na admini wa grupu letu la gemu.

Kwa asiyejua, modi ni kazi za wachezaji wenyewe. Mtu yuko chumbani kwake huko, sura ya mhusika haimpendezi, anaichonga upya. Mwingine anaona mvua haitoshi, anaiongeza. Mwingine anatunga kijiji kizima na watu wake na sauti zao. Anaweka bure, wewe unapakua, unapachika. Ziko maelfu kwa maelfu, na ukisikia watu wanasema Skyrim halizeeki, nusu ya sababu ni hiyo.

Nililinunua wakati wa punguzo, bei imeshuka mpaka nikaona nikiliacha nitakuwa nimejidhulumu. Nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp, kwa adabu zote: wakuu, ndiyo mara yangu ya kwanza, niweke modi au nisiweke? Sijaweka simu chini, admini kashajibu. "Dada, Skyrim bila modi ni wali bila mboga." Akafuatisha orodha yake. Orodha unaivuta kwa kidole mpaka kidole kinaomba poo. Modi 163.

Sasa sikia. Mchana niko kazini, gemu langu ni la usiku, na intaneti yangu ni ya bando. Zile modi nilizipakua kwa muda ambao sitaki kuuhesabu, wiki mbili au zaidi, nategea bando la usiku, naamka saa nane kuangalia kama imemaliza. Modi ya milima. Modi ya nyasi. Modi ya ngozi za watu, ambayo peke yake ilikula bando kuliko filamu. Modi inayodai modi nyingine, na hiyo nyingine inadai programu inayoitwa SKSE, inayozipa modi uwezo ambao gemu lenyewe halina, na SKSE nayo inadai namba ya toleo la gemu lako ilingane na yake. Siyo ikaribiane, ilingane. Jumamosi moja nilikaa toka chai ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi napanga nani atangulie nani afuate, maana modi mbili zikigusa kitu kimoja, ya nyuma kwenye foleni ndiyo inayosikilizwa, ya mbele inapuuzwa kimyakimya. Wiki zote hizo joka hata moja sijaliona. Nimekuwa mtunza stoo.

Siku ikafika, nikawasha. Mwanzo wa Skyrim wengi mnaujua hata kama hamjacheza: uko kwenye mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa, mnapelekwa mji wa Helgen kukatwa vichwa. Mbele yako kakaa Ralof, askari wa waasi, na mwizi wa farasi, ubavuni kwako Ulfric, kiongozi wa waasi hao, kazibwa mdomo kwa kitambaa. Ni safari tulivu, misonobari na baridi. Mkokoteni wangu ulitetemeka kidogo, ukanyanyua gurudumu moja, kisha ukapaa. Nasema ukapaa. Ulizunguka hewani na farasi wake kama tiara iliyokatika uzi, na Ralof yumo humo, kichwa chini miguu juu, ananisimulia mambo ya vita kwa sauti ile ile ya upole. Mpwa wangu aliyekuwa likizo kwangu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Baadaye nikaja kuelewa: mahesabu ya mwendo wa vitu katika gemu hili yamefungamana na idadi ya picha kwa sekunde, ikivuka 60 vitu vinapata wazimu, na mojawapo ya zile 163 ilikuwa imefungulia kikomo hicho. Nikakirudisha, ikatulia. Kwa hilo sikukasirika, nilicheka na mimi.

Kilichonikasirisha ni Lydia.

Ukishaua joka la kwanza nje ya mji wa Whiterun, Jarl, yaani mtawala wa pale, anakupa cheo na mlinzi wako binafsi, ndiye huyo Lydia. Anakubebea mizigo, na kila ukimpa kitu anakukumbusha kwamba aliapa kubeba, kwa sauti ya mke mwenza aliyeambiwa apishe chumba. Mimi nilimpenda papo hapo. Tumetembea wote usiku mwingi, saa hamsini na kitu, nimemnunulia na silaha nzuri kuliko yangu. Halafu usiku mmoja gemu likajisasisha lenyewe. Hakuna aliyenipigia hodi. Likala bando lililobaki, na nilipowasha, SKSE ikagoma: namba hazilingani. Bila SKSE, modi kama arobaini hazina pa kusimama. Nikaanza kutoa hii, kurudisha ile, kusasisha nyingine. Nafahamu, nafahamu, hutakiwi kutoa modi katikati ya safari, vipande vyake vinabaki ndani ya faili ulilohifadhi kama mifupa ya samaki. Sasa hivi nafahamu.

Nikafungua. "Mamdogo," mpwa akaniuliza, "huyu dada kajipaka mkaa?"

Uso wa Lydia ulikuwa rangi ya jivu lililolowa. Uso tu. Mstari ulikuwa umekatika shingoni, kama mtu kapachikwa kichwa cha kuazima, na chini yake mwili wake wa siku zote. Ananiangalia kwa macho yake mazuri kutoka ndani ya lile jivu, hajui kama amechafuka. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa wa zambarau inayowaka, ndiyo rangi linayopaka gemu hili likikosa picha ya kuweka. Nikageuka niingie Dragonsreach, kasri la Jarl, likajizima. Nikawasha. Mlangoni, likajizima. Nikarudi faili la juzi, mlangoni likajizima. La wiki iliyopita, vivyo hivyo.

Nikapiga picha ule uso, nikatuma kwenye grupu. Admini: "Ulisoma maelezo ya kila modi?"

Kaka. Modi 163. ZAKO.

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba nimesoma nyingi, ila naomba msaada nianzie wapi. Akajibu: "Hii siyo gemu la kupanga pipi, dada."

Vikaja vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilivihesabu, ni 11. Watu 11 walipata muda wa kubonyeza kicheko na hapana hata mmoja aliyepata muda wa kuniuliza mpangilio wako ukoje. Kama hajui angesema hajui, mimi ningemheshimu mpaka leo. Lakini hilo la pipi! Nimelilalia siku tatu. Nikiwa naosha vyombo linanirudia. Hivi yeye alizaliwa anajua kupanga modi?

Na hapa ndipo modi zinaponiuma hasa, nikimtoa admini kando. Kitu kikiharibika, huna wa kumdai. Mwenye modi ya nyuso anasema tatizo ni la ngozi. Mwenye ngozi kaandika juu kabisa kwamba ukiwa na modi fulani usimuulize. Na wote wamekupa bure, kwa jasho lao, sasa mtu aliyekugawia bure utamfokea nini? Unabaki na hasira mkononi kama chenji ya noti mbovu.

Nikafuta. Zote. Nikafuta na gemu lenyewe, nikalipakua upya, tupu kama lilivyozaliwa. Nikaanza kule kule mkokotenini, na mkokoteni safari hii ukaenda chini kama mikokoteni yote. Nilikuwa nimejiandaa kudharau. Milima ina mabaka, nyuso kama viazi, kweli. Lakini saa ya pili nikaanza kuona kitu. Kule kwenye modi nilikuwa na mfuasi wa nyongeza, mrembo wa kuchonga, ambaye adui akijitokeza tu keshakufa kabla sijachomoa upanga. Nilipanda ngazi za High Hrothgar, nyumba ya watawa juu mlimani, naye, zile wanazoziita elfu saba, sikumbuki chochote cha kule juu zaidi ya theluji. Nikiwa tupu, nilikutana na zimwi la barafu katikati ya njia. Likaniua. Nikarudi, likaniua. Mara ya tano nikamwachia Lydia apigane mbele, mimi nakimbia nyuma ya mwamba natupa moto wa kubahatisha mpaka nguvu za uchawi zinakata, nasubiri zijae, natupa tena. Lilipoanguka nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Hapo ndipo nikajua kwa nini watu wanalipenda hili gemu. Njia ile ina zimwi moja kwa makusudi, limewekwa pale na mtu aliyejua utafika ukiwa mnyonge.

Na majitu! Usiende kuwachokoza wachunga mamothi nje ya Whiterun. Au nenda. Jitu linakushushia rungu, na badala ya kufa pale pale unarushwa juu, juu kabisa, unaona nchi nzima chini yako, miti imekuwa kama jani la mchicha. Ni kosa la kiufundi, wenye gemu wakaliona, wakalipenda, wakaliacha. Ningeanza bila modi ningekuwa najua lipi ni lao na lipi ni la kwangu. Mkokoteni ukipaa ningejua kuna jambo, mtu akipaa ningejua ni Skyrim.

Wali bila mboga, anasema. Kwetu wali wa nazi unaliwa mkavu na sufuria inakwanguliwa.

Basi jibu langu, wiki ile, lilikuwa jepesi: anza tupu, usiguse modi, na ukimuona admini mpite. Ningechapisha hapo hapo yangekuwa yameisha.

Shida nikaendelea kucheza.

Menyu, jamani. Ile menyu ya vitu ulivyobeba imetengenezwa kwa mtu mwenye padi ya kiweko cha gemu, kama PlayStation, mkononi, ni orodha ndefu ya majina, na uzito wa kitu huujui mpaka usimame juu yake, kimoja kimoja. Unaanza na uwezo wa kubeba 300, ukizidisha unatembea kama bibi harusi, na joka halikungoji uchambue jibini. Nilikuwa na magurudumu ya jibini mangapi sijui. Na walinzi wa nchi nzima, kila mji, wote waliwahi kuwa wasafiri na wote walipigwa mshale gotini. Mara ya kwanza unacheka, ya ishirini unatamani umpige wa pili. Halafu kuna kazi zinazokwama bila kosa lako. Ile ya mauaji ya Windhelm inajulikana kwa hilo miaka yote, na waliokaa wakaitibu pamoja na mamia ya hitilafu nyingine ni wachezaji, bila kulipwa.

Na siwezi kujifanya sijui kwamba The Forgotten City lilianza kama modi ya Skyrim, likapata tuzo ya chama cha waandishi cha Australia, na mwaka 2021 likasimama kama gemu linalojitegemea. Mtu alikaa na gemu la mwenzake akatoa lake. Nikikumbuka hilo hasira inapungua, kisha nakumbuka pipi, inapanda.

(Wenye PS4, nyie kesi yenu ni fupi. Modi za kwenu haziruhusiwi kuleta picha wala sauti kutoka nje, ni kupanga upya yaliyomo. Chezeni tu.)

Kwa hiyo bado nasema anza tupu. Angalau mpaka ufike High Hrothgar. Angalau mpaka kikuudhi kitu ambacho unaweza kukitaja kwa jina, hapo tafuta modi ya hicho kitu, siyo orodha ya admini. Mimi kilichoniudhi kina jina, ni menyu, na dawa yake inaitwa SkyUI, modi ndogo, haifiki hata robo ya bando la siku. Nimeipakua jana. Imefika, nikasoma maelezo yake, yote, neno kwa neno, ndiyo kaka nimesoma. Inadai SKSE.

Nilicheka peke yangu gizani.

Nimeweka gemu lisijisasishe mpaka niliwashe, na naliwashia kwenye SKSE yenyewe, halipitii kwenye duka nililolinunulia. Namba ya toleo nimeiandika kwenye kikaratasi, nimekibandika pembeni ya skrini. Mpwa kanitumia meseji kutoka shule, kwa simu ya matroni, nikadhani kuna ugonjwa, kumbe anauliza Lydia kapona? Nimemwambia kapona. Ile ya nyasi naiwazia wazia. Uso wa Lydia siugusi.