Yakuti samawi ya ardhini au ya maabara?

Ukitafuta pete ya uchumba hapa Kampala, sonara atakutupia swali hili. Kwa ugumu hakuna mshindi: zote ni madini yaleyale, korundamu, daraja la 9 kwenye kipimo cha Mohs, na kuzisafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni tu.

Bei ndiyo inayozitenganisha. Ya maabara ni nafuu mno na rangi yake safi; njia ya Verneuil ya kuitengeneza, kwa kuyeyusha unga katika mwali wa moto, ilitangazwa mwaka 1902, kwanza kwa yakuti nyekundu. Lakini kuiuza tena? Sahau. Ya ardhini, iwe ya changarawe za mito ya Tunduru, Tanzania, au ya Ilakaka, Madagaska, walikomiminika wachimbaji kuanzia 1998, hubaki na soko, mradi ina cheti cha kuthibitisha asili yake. Bila cheti umenunua maneno. Uliza pia kama imechomwa: nyingi huchomwa ili rangi ikolee, na si wizi likisemwa wazi.

Kwenye lenzi, mistari ya ndani iliyopinda hufichua jiwe la Verneuil.

Mwenye mfuko mwepesi achukue ya maabara bila aibu. Anayewaza kumrithisha binti yake alipie la mtoni, tena bila haraka.