Landrover 109 Series III: maoni yangu kwa anayetaka kununua huku Mtwara

Niseme mapema kabla hamjaanza kubishana, kwa njia zetu za kusini ukishatoka kwenye lami sijaona gari ninalolipenda kama Landrover 109 Series III (hiyo 109 ni inchi toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma). Zilianza kutengenezwa 1971 zikaishia 1985, kwahiyo hata ile ya mwisho kabisa ni mtu mzima, ila nenda Tandahimba msimu wa korosho utazikuta bado zinapiga kazi.

Cha kwanza kuangalia ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, injini baadae. Mabati ya bodi mengi ni aluminiamu, ndo maana hata za Mikindani pale baharini kabisa kwa nje hayaoti kutu, watu wanaona bodi safi wanalipa hela. Chesisi sasa ni chuma, na chumvi inaila kuanzia ndani huku nje imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chuma cha nyuma kabisa na vile vyuma vinavyobeba bodi chini ya milango, ikilia kama kengele iko nzima, ikilia pu jua imeoza, achana nayo hata muuzaji akuapie kwa mama yake. Na ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma, ndo bodi yenyewe imeanza kuliwa hiyo.

Injini ya nyingi ni lita 2.25 silinda nne, kuna ya petroli na ya dizeli. Petroli inakunywa hasa. Dizeli ni mpole mno, zile kona za kupandia Newala kutokea Masasi bodaboda mwenye abiria na gunia anakupita anakusalimia, na unapata muda wa kumuitikia mpaka mkaulizana habari za nyumbani. Ila utafika! Kwenye mchanga unakandamiza kile kirungu cha njano miguu yote minne inavuta, pakizidi kuwa pabaya unasimama unavuta ule mkono mwekundu wa gia nzito nyuma, hapo inatambaa taratibu sehemu ambayo gari nyingi za kisasa zinaomba kamba.

Mjomba wangu alikuwa nayo enzi za kivuko cha Ndundu pale mto Rufiji, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, masika Dar ilikuwa safari ya kulala njiani. Abiria wa nyuma wanakaa wanatazamana goti kwa goti, injini inapiga kelele mtu akisema jambo inabidi apaze sauti gari zima lisikie, mkifika Rufiji mshajua koo za watu, madeni ya watu, na shangazi yangu mchumba alimpatia humohumo. AC ni vile vidirisha viwili chini ya kioo cha mbele, unafungua upepo unaingia pamoja na vumbi na wadudu wote wa Kilwa. Napenda hata hilo.

Ufundi sasa. Nati zake nyingi ni za inchi, kwahiyo fundi akija na spana za milimita peke yake mrudishe, atakula kona zote za nati halafu aanze kutafuta patasi. Giaboksi inatolewa kwa ndani, unang'oa viti na sakafu, inatisha kuangalia ila fundi mzoefu anaifanya chini ya mwembe bila kompyuta wala taa ya cheki injini. Betri ikiishiwa nguvu ya kupiga stata, ya petroli ina hendeli, unaichomeka mbele unazungusha (kidole gumba kaa nacho upande mmoja na vingine, injini ikirudisha hendeli kinyume inavunja mkono).

Kama ni ya mjini tu, kwenda Ligula na kurudi, bora IST, maana stelingi ni nzito na kuigeuza vichochoro vya Mikindani utaenda mbele nyuma mpaka watoto wajae kukuelekeza. Ila mwenye shamba ndani ndani huko Nanyamba asifikirie mara mbili.

Mwenye nayo chesisi nzima, hata kama injini haiwaki, naomba aseme bei.