"Although" au "despite": utumie lipi?

Yote mawili huonyesha ukinzani, ila hayajengwi kwa namna moja. "Although" hufuatwa na kishazi chenye kiima na kitenzi: "Although it rained, we played." "Despite" hutaka nomino, au kitenzi chenye -ing: "Despite the rain, we played." Kiswahili kinatusaidia sana hapa: "ingawa mvua ilinyesha", lakini "licha ya mvua".

Kwa ufupi wa sentensi, "despite" inashinda. Katika mazungumzo naona "although" ni nyepesi zaidi, tena ina ndugu yake "though", anayeweza hata kukaa mwishoni mwa sentensi.

Kwenye makosa, kila moja ina mtego wake, na yote miwili hutunasa sisi Waswahili. "Licha ya" hutufanya tuandike "despite of", ilhali "of" ni ya "in spite of". "Ingawa… lakini" nayo hutufanya tuongeze "but" baada ya "although", jambo ambalo Kiingereza sanifu hakikubali.

Unasimulia tukio lenye mtendaji? "Although" itakufaa. Unaandika ripoti iliyojaa nomino? Jaribu "despite".