Unga wa lishe wa Ngamiani: laini, lakini soya mbichi

Nilinunua kilo 2 za unga wa lishe kwa ajili ya mjukuu wangu, duka moja la nafaka pale Ngamiani. Umesagwa laini, hauna mchanga, mfuko umefungwa vizuri. Hapo sina neno.

Tatizo ni soya. Nilipoulamba kidogo nikakutana na ladha ya maharage mabichi. Nikamuuliza muuzaji, "Mwanangu, soya mmeikaanga?" Akajibu, "Bibi, tumeianika siku mbili, imekauka kabisa."

Kukauka si kuiva! Soya mbichi ina protini inayoinasa tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini kwenye utumbo mdogo. Mwanasayansi Kunitz aliipata kama fuwele tangu 1945. Mmea unajikinga na wadudu, mtoto anakosa lishe aliyonunuliwa. Dawa yake ni moto. Jua letu la Tanga, pamoja na ukali wake wote, haliwezi.

Mnisamehe, nimestaafu maabara. Wala vizuizi vya vimeng'enya vinavyovunja protini si vibaya vyote: ini hutengeneza alfa-1 antitripsini, inayolinda mapafu yasiliwe na elastasi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu yetu wenyewe, na antithrombini, inayozuia damu isigande ovyo. Heparini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, hufanya kazi kupitia hiyo antithrombini. Ila kwenye uji wa mtoto, hapana.

Unga uliobaki nauchemsha mpaka mkono unachoka kukoroga. Nyota 3 kati ya 5. Wakianza kukaanga soya kabla ya kusaga, nitarudi.