Programu za kuchora data kwa 3D: uzoefu wangu na gnuplot, Matplotlib, Plotly na ParaView

Kabla hujachagua programu, lifungue faili la data ulitazame. Data iliyopangwa kwenye gridi, kila x na y zake zote, itachorwa na programu karibu yoyote. Nukta zilizotawanyika, kama vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa hapa na pale, ndizo zinazotenganisha hizi nne.

Kwa kazi ya kuchapishwa bado naanza na gnuplot. Ni nyepesi, PDF yake ni safi, na inasoma faili la kawaida la safu tatu: x, y, z. Ina sharti moja linalowatesa wengi: kila x inapobadilika, acha mstari mmoja mtupu. Usipouacha, splot (amri ya kuchora 3D) inaona mstari mmoja mrefu, na pm3d (mtindo wa kuchora uso wenye rangi) inagoma kuchora uso. Watu hufuta programu na kuiweka upya, kumbe tatizo ni ule mstari. Ukiacha miwili nayo ni shida nyingine, maana gnuplot huigawa data kuwa seti mbalimbali.

Kwa nukta zilizotawanyika kuna `set dgrid3d 40,40`, inayojaza gridi kwa wastani unaozingatia umbali wa kila nukta. Hapa kuwa macho. Inachora uso laini hata mahali ambapo hakuna aliyepima, na msomaji ataamini. Mimi huuhifadhi uso huo kwenye faili kwa `set table`, kisha `unset dgrid3d`, halafu nachora uso na nukta halisi kwa pamoja. Penye pengo panaonekana.

Matplotlib inafaa kama tayari unafanya kazi kwenye Python na unataka kuona umbo haraka. Ila injini ya kweli ya 3D haina: hupanga vipande kwa wastani wa kina chake, cha mbali kwanza, cha karibu juu yake. Nyuso mbili zinazokatana zitatoka vibaya, na hakuna pembe ya kutazama itakayoponya hilo. Mtego mbaya zaidi umo ndani ya plot_surface, amri yake ya kuchora uso. Isipoelekezwa, hutumia mistari 50 tu kwa kila upande. Gridi yako ya 500 kwa 500 inachujwa kimyakimya, na kilele chembamba kinaweza kupotea bila onyo lolote. Weka mwenyewe rcount na ccount, yaani idadi ya mistari kwa kila upande. Kwa nukta zilizotawanyika tumia plot_trisurf, inayounganisha nukta kwa pembetatu. Ukipitia griddata ya SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) ili kujaza gridi kwa njia ya linear, sehemu za nje ya eneo lililopimwa zitarudi NaN (yaani hakuna thamani) na kingo zitakatika. Sioni hilo kama kasoro. Ni ukweli wa data.

Plotly ndiyo ninayompa mtu anayetaka kuzungusha grafu mwenyewe kwenye kivinjari. Ukiweka kipanya juu ya nukta, thamani zinatokea. Faili la HTML linabeba maktaba nzima, hivyo hata nukta kumi zitakupa megabaiti kadhaa. `include_plotlyjs='cdn'`, inayoichukua maktaba hiyo mtandaoni, inalipunguza sana, lakini halitafunguka vizuri pasipo intaneti. Angalia pia uwiano wa mihimili: mhimili mmoja ukizidi mingine kwa zaidi ya mara nne, Plotly inabana kila kitu kiwe mchemraba. Kwa ramani ya ardhi, weka aspectmode='data'.

ParaView ni ya mizigo mizito: matokeo ya simulesheni, data ya ujazo, mamilioni ya seli. Imejengwa juu ya VTK, maktaba ya kuchora data ya 3D. Kwa CSV, fungua faili, pitia Table To Points, inayogeuza jedwali kuwa nukta, kisha Delaunay 2D, inayoziunganisha nukta kwa pembetatu. Kwenye hatua ya kwanza ukiweka alama ya 2D Points, z inabaki kuwa data ya kawaida, nawe unaiinua kwa Warp By Scalar. Ukiwa umeshaiweka z kama kiwianishi, usitumie Warp, la sivyo urefu utahesabiwa mara mbili. Maandishi ya mihimili yake siyapendi kwa karatasi. Kwa hayo narudi gnuplot.

Rangi ni jambo fupi: viridis, mpangilio wa rangi ambao Matplotlib imeufanya chaguo-msingi tangu toleo la 2.0 mwaka 2017, unasomeka hata ukichapwa nyeusi na nyeupe. Jet, mpangilio wa rangi za upinde wa mvua, hausomeki. Na kama uso una milima inayofichana kila ukizungusha, andika `set view map` kwenye gnuplot, uipeleke kazi ikiwa bapa.