Kura ya Marekani kutoka Tanga: fomu nyepesi, bahasha ndiyo kazi

Huduma tunayoipima haina ofisi Tanga wala kibao barabarani. Ni mpango wa serikali ya Marekani unaowawezesha raia wake walio nje ya nchi, pamoja na wanajeshi na familia zao, kupiga kura bila kurudi kwao. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1986, UOCAVA, na msimamizi ni ofisi ya FVAP iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi. Huku kwetu anayeihitaji ni mstaafu aliyerudi Raskazone na pasipoti ya bluu, au mke aliyefuata ndoa Lushoto, au kijana aliyezaliwa Ohio akalelewa na bibi yake Pangani.

Tuanze na alama. Fomu ya kuombea kura tunaipa nyota nne kati ya tano. Safari ya kura kurudi Marekani inapata kati ya nyota moja na nne, na anayeamua ni jimbo lako la kule Marekani.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mtu aliyezoea Daftari la Kudumu na Tume moja anadhani kule nako kuna ofisi moja ya kuipelekea karatasi. Haipo. Jimbo lako ni lile la anwani ya mwisho uliyoishi kabla ya kuondoka, hata kama nyumba ilishauzwa au kubomolewa na huna ndugu hata mmoja pale. Ofisi itakayopokea kura yako kwa kawaida ni ya kaunti au mji wenye anwani hiyo. Aliyezaliwa ng'ambo na hakuwahi kuishi Marekani anaweza kutumia anwani ya mwisho ya mzazi wake, lakini hilo linakubalika katika majimbo mengi, si yote.

Fomu yenyewe inaitwa FPCA. Kwa karatasi moja unajiandikisha na kuomba kura kwa wakati mmoja. Inapatikana bure fvap.gov, na anayekutoza hela ya fomu anakuibia. Ijaze upya kila mwaka, Januari ikianza, maana ombi la mwaka jana halina uhakika wa kubeba uchaguzi wa mwaka huu. Vitu vinne vinawaangusha watu wa huku.

Cha kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Marekani wanaanza na mwezi. Mtu wa tarehe 5 Agosti akiandika 05/08 kwa mazoea ya hapa, karani wa kule anasoma Mei 8. Kumbukumbu hazilingani na ombi linakwama. Angalia herufi za visanduku: MM, yaani mwezi, inatangulia DD, yaani siku.

Cha pili ni kisanduku cha kueleza wewe ni nani. Kuna cha anayekusudia kurudi Marekani na cha asiyejua kama atarudi. Ukweli ndio unaotakiwa, lakini ujue uzito wake: katika baadhi ya majimbo, asiye na uhakika wa kurudi anapewa kura ya nafasi za kitaifa tu, yaani Rais, Seneti na Baraza la Wawakilishi, bila gavana wala meya. Wanaohofia kodi watulie. Kupiga kura ya nafasi za kitaifa pekee hakumletei mtu kodi mpya. Kura ya nafasi za jimbo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Cha tatu ni anwani ya sasa na njia ya kupokelea. Huku barua zinakuja kwa S.L.P. na haziletwi mlangoni, na karatasi kutoka Marekani inaweza kusafiri wiki nyingi. Weka S.L.P. kwa sababu fomu inataka anwani, lakini kwenye njia ya kupokea kura chagua baruapepe au mtandao. Sheria ya mwaka 2009 iitwayo MOVE inalazimisha kila jimbo kuwa na njia angalau moja ya kielektroniki ya kukutumia kura tupu. Kuacha haki hiyo na kungoja bahasha posta ni kujichosha bure.

Cha nne ni saini. Saini kwa kalamu, kwa mkono ule ule uliosainia zamani, maana majimbo mengi hulinganisha. Na jina liwe kama lilivyo kwenye orodha yao ya wapigakura. Ukiongeza jina la babu ambalo halikuwepo, unatafuta maswali. Mhuri wa wakili ambao steshenari za mjini hupenda kupendekeza hauongezi chochote kwenye FPCA.

Usipopata jibu ndani ya wiki mbili, iandikie ofisi ya kaunti moja kwa moja. Wanajibu, na kwa sehemu kubwa wanajibu vizuri. Hili tunalisifu bila kusita.

Kura tupu, kama ombi lako lilishafika, inatakiwa itumwe kwako angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Kwa ule wa Novemba 3, 2026 hiyo ni Septemba 19. Ikipita wiki bila kitu, fungua folda ya barua taka kabla ya kulalamika.

Sasa kuprinti. Marekani wanatumia karatasi ya sentimita 21.6 kwa 27.9, sisi tuna A4 ya 21 kwa 29.7. Mwambie kijana wa steshenari asikuze wala kubana, aache ukubwa halisi, halafu hakikisha ukingo wa kulia haujakatwa. Usihofu kwamba mashine yao haitaisoma A4 yako. Kura za namna hii hunakiliwa na makarani kwenye karatasi rasmi, mbele ya macho zaidi ya mawili, kisha ndiyo husomwa na mashine. Tumia wino mweusi au bluu, na ujaze duara kama maelekezo yanavyosema. Tiki ya kishule inaweza kuleta utata.

Kinachofuata ni kurudisha, na hapa nyota zinaanza kupukutika. Washington na Massachusetts wanapokea kura iliyojazwa kwa baruapepe: unaskani, unaambatisha na karatasi ya kiapo, unatuma, umemaliza. Mtu wa majimbo hayo akikaa Tanga hana tofauti na aliyeko Seattle. California wanataka faksi au posta, na kwa kuwa mashine ya faksi mjini ni ya kutafuta kwa tochi, wengi watatumia programu ya simu inayotuma faksi. New York, Pennsylvania, Ohio na Minnesota wanataka karatasi yenyewe ifike. Nyota moja hiyo, na si kosa la Posta yetu.

Kwa wa karatasi, njia ni nne. Posta ya kawaida ndiyo rahisi kwa bei lakini ni bahati nasibu kwa muda. Karatasi nne za A4 za kawaida hazizidi gramu 20, ongeza bahasha mbili, kwa hiyo uzito si tatizo. EMS, huduma ya haraka ya Posta, ina namba ya kufuatilia, na hilo peke yake linatosha kuipendekeza. Kampuni binafsi za vifurushi ni za haraka zaidi lakini haziwezi kupeleka kwenye sanduku la posta, kwa hiyo iombe kaunti anwani ya mtaa. Njia ya nne ni ubalozi wa Marekani ulioko Msasani, Dar es Salaam, Old Bagamoyo Road, ambako kura huingia kwenye mfuko wa kidiplomasia. Kutoka Kange hadi stendi ya Mbezi ni zaidi ya kilomita 300, na mfuko ule nao una wiki zake. Mkazi wa Bagamoyo ana nafuu.

Kuna mtego wa bahasha. Ile ya kurudishia, ambayo unaweza kuiprinti na kuibandika juu ya bahasha ya kaki, ina alama kwamba posta imelipiwa. Imelipiwa ndani ya mfumo wa posta wa Marekani tu, pamoja na mfuko wa ubalozi. Ukiitumbukiza Posta mjini bila stempu za Tanzania haiendi popote. Kura iingie bahasha ya ndani isiyo na jina, hiyo iingie ya nje yenye kiapo, na saini yako ikae kwenye kiapo. Baadhi ya majimbo hukataa kura iliyokosa bahasha ya ndani, na machache yanataka saini ya shahidi, hivyo soma kiapo chote. Hata hivyo sababu kubwa ya kura za ng'ambo kukataliwa ni moja: zimechelewa kufika.

Ndiyo maana tunaisifu FWAB, kura ya akiba. Ukiwa umeshaomba kura na haijaonekana mwanzoni mwa Oktoba, printi FWAB, andika kwa mkono jina la mgombea au chama, saini, tuma. Kura rasmi ikija baadaye, ijaze nayo uitume. Ikiwahi, ndiyo itakayohesabiwa, na ya akiba itawekwa kando.

Wanajeshi wanatumia fomu hizo hizo na wana nafuu zaidi. Kikosi kina ofisa wa kusaidia upigaji kura, na kutoka posta za kijeshi za ng'ambo, zile za APO na FPO, kura ya uchaguzi mkuu inasafirishwa haraka, bure, ikiwa na namba ya kufuatilia. Mama wa Makorora mwenye mwanawe jeshini Marekani asimsumbue kutafuta EMS.

Wafungwa walio ndani ya Marekani hawamo kwenye mpango huu. Maine, Vermont, Washington D.C. na Puerto Rico ndiko mfungwa hupiga kura akiwa gerezani, kwa anwani ya kabla ya kifungo. Kwingine, kwa kawaida, aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa hupoteza haki akiwa ndani. Mahabusu asiyehukumiwa anabaki nayo kisheria, ila kuipata fomu na bahasha akiwa selo ni shughuli nyingine. Kwa kulinganisha, Tume yetu iliandikisha ndani ya magereza katika uboreshaji wa Daftari wa 2024/2025, mahabusu na wa vifungo vifupi. Mtanzania aliyeko Houston ndiye asiye na njia mpaka arudi kituoni kwake. Kenya iliwapigisha kura raia wake katika nchi 12 mwaka 2022, Tanzania ikiwemo, kwa kura ya rais tu. Mkenya wa Tanga aliyejiandikisha Kwale huvuka zake Horohoro asubuhi.

La mwisho ni usiri. Anayerudisha kwa baruapepe hutakiwa kukubali kwa saini kwamba karani atakayeiprinti anaweza kuiona kura yake. Hilo ni la huko. La huku ni kompyuta ya steshenari. Kura tupu itume kwa WhatsApp yao ukitaka, haina siri. Iliyojazwa iskani kwa simu yako mwenyewe, juu ya meza yenye mwanga, bila kivuli cha mkono, kwenye PDF moja. Ukilazimika kuskani kwao, kaa mpaka faili lifutwe kwenye folda, kisha kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha kwenye ile simu ya dukani iliyounganishwa nayo.