TAHADHARI: Loki feki za mkanda wa gitaa. Zimenivunjia gitaa, zisikuvunjie na wewe

Ndugu zangu wapiga gitaa, naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Mliokuwepo mazoezini siku ile gitaa langu lilipoanguka mliona wenyewe. Mlionipigia simu kunipa pole, asanteni sana. Gitaa lenyewe mnalijua na mnajua nilivyolipata, sirudii habari hiyo maana nikianza sitamaliza.

Chanzo ni loki za mkanda, vile vyuma vidogo vinavyoshika mkanda usichomoke kwenye kifungo cha gitaa. Miaka yote nilikuwa mtu wa raba. Zile raba nyekundu za chupa za bia ya Grolsch, zenye kizibo cha waya: unavisha mkanda kwenye kifungo, unasukumiza raba juu yake, unapiga mpaka asubuhi. Sikuwahi kuangusha gitaa kwa sababu ya raba. Lakini tundu la mkanda wangu wa ngozi limepanuka kwa uzee, raba nazo zimekauka na kuanza kupasuka, na mara mbili mkanda ulichomoka nikaudaka kwa bahati tu. Na gitaa langu, Les Paul, lina kilo 4.5. Nikasema sasa basi, nanunua loki za kweli, nanunua za Schaller, kampuni ya Kijerumani, nisahau habari hii.

Sikukurupuka, na hili nataka lieleweke, kwa sababu kuna mtu ameshaniambia "ulipenda bei rahisi". Haikuwa bei rahisi! Ingekuwa ya kutupa ningeshtuka. Jamaa niliyemnunulia mtandaoni aliuza karibu sawa na wauzaji wa uhakika, na ukurasa wake ulikuwa umejaa nyuzi, potenshiometa, swichi za pikapu, vitu ambavyo mtu asiyejua magitaa hawezi hata kuvitaja.

Na namna alivyonijibu! Nilimwandikia tu kwamba nataka loki. Muuzaji wa kubahatisha angeniuliza "unachukua ngapi?" Huyu aliniuliza: "Gitaa gani, kaka? Kifungo cha juu kiko begani au kiko nyuma ya shingo kama cha gitaa la SG?" Nikamjibu. Akauliza tena: "Mkanda una unene gani? Ngozi nene isije ikala uzi wote wa loki, nati ya kuikaza ikakosa pa kushika." Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza. Ni maswali ya mtu wa kazi. Ndivyo ambavyo mimi mwenyewe ningemuuliza mwanafunzi wangu. Kisha akaniambia yeye anapiga besi, mgongo wake unajua maana ya kusimama na mzigo kwa saa tatu. Nikamwamini kama ninavyomwamini mwenzangu wa jukwaani.

Akatuma na video. Mkono umeshika mkanda, gitaa linaning'inia chini, anatikisa juu chini, juu chini, gitaa halitoki. Loki za kwenye video zilikuwa S-Locks, zile zenye kigurudumu cha kukaza badala ya nati, na kigurudumu kina skrubu yake ndogo ya kukizuia kisilegee. Niliiangalia mara tatu. Nikalipa. Nikalipia seti mbili, na ya pili ni ya dogo ninayemfundisha, kwa sababu nilimwambia "hizi ndizo za kununua". Hapo ndipo panaponiuma kuliko gitaa.

Mzigo ukafika. Pakiti imeandikwa S-Locks. Nafungua, ndani naona nati ya pembe sita. Hakuna kigurudumu. Nilikaa na ile loki kiganjani muda mrefu. Nikavuta kitufe cha pini, ile inayozuia loki isitoke kwenye kifungo, springi ikaitika kinyonge, pini ikarudi taratibu na kuishia kabla ya kufika mwisho, ikabidi niisukume kwa kidole. Nikamwandikia palepale. Dakika haikuisha, jibu limefika: "Hizo ni za mtindo wa awali, kaka. Mjerumani wa zamani alikuwa anatengeneza imara kuliko hizi za sasa. Springi ni mpya, italainika."

Ni kweli kwamba Schaller walikuwa na toleo la awali lenye nati. Lipo, watu wamelitumia miaka mingi, na lawama yake kubwa ilikuwa hiyo nati kulegea taratibu bila mtu kujua, ndiyo maana toleo jipya likaja na kigurudumu na skrubu ya kukizuia. Kwa hiyo uongo wake aliupandia juu ya ukweli ninaoujua, na mimi nikajikuta naitikia kwa kichwa. Swali moja sikujiuliza: kama ni za zamani, mbona pakiti ni ya mpya?

Nikaanza kufunga. Skrubu zake nyembamba, kwenye tundu la gitaa langu zinacheza. Hilo halikunishtua, linatokea ukibadilisha vifungo. Nikajaza tundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, nikaacha ikauke usiku mzima. Kazi hiyo niliifanya vizuri na mpaka leo kifungo kiko imara, fundi ameshuhudia. Nilipokaza, kichwa cha skrubu kikaanza kulika chini ya bisibisi kama kimetengenezwa kwa risasi. Niliona. Nikaendelea.

Halafu nikamuuliza jambo la mwisho. Kile kipande cha kwenye mkanda kina umbo la kwato ya farasi, upande mmoja uko wazi. Upande wa wazi uangalie wapi? Akasema: "Chini, kaka, ndipo pini inashika vizuri." Nikafunga hivyo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Mwanya unatakiwa uangalie JUU, kule mkanda unakoelekea. Ukiangalia juu, uzito wa gitaa unakalisha kifungo ndani ya kwato, na hata pini ikifyatuka gitaa linabaki limekaa mle. Ukiangalia chini, kilo zote zinaning'inia kwenye pini peke yake, kijiti chembamba cha chuma. Mtu aliyewahi kuzifunga hata mara moja analijua hili. Yule hakuwa anajua. Yale maswali mazuri aliyoniuliza mwanzo aliyaokota kwa wanunuzi wengine akayakariri.

Mazoezi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, tuko katikati ya kibwagizo, nimegeuka kumwangalia mpiga ngoma anipe ishara, nikahisi bega la kushoto limekuwa jepesi. Hakuna mlio, hakuna onyo. Upande wa juu umeachia. Mkono wa kushoto ulikuwa umebonyeza nyuzi, nikajaribu kubana shingo, ikateleza kwa jasho. Gitaa likazunguka kwenye kifungo cha chini na kichwa kikapiga sakafu. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa, kwa hiyo kila aliyekuwepo alisikia nyuzi zote sita zikilia kwa pamoja, kisha zikalegea. Zile za chini zilikuwa bado zinanguruma nilipopiga magoti kuliokota. Wote kimya. Nami ndiye mkubwa mle, ndiye ninayewaambia wengine watunze vyombo.

Mnajua Les Paul: kichwa kimelala nyuma digrii 17, na pale nyuma yake mti umechimbwa kupitisha fimbo ya kunyooshea shingo. Ndipo palipopasuka. Ufa umetembea na nyuzi za mti mpaka nyuma ya fureti ya kwanza. Fundi anasema atagundisha na kubana, na itashika, lakini alama haitafutika.

Fundi alichukua ile loki, akaiweka chini ya taa. Pini imekatika, haikupinda hata kidogo. Ndani ni kijivu, punjepunje kama majivu yaliyogandamana, na kromu imekaa juu yake kama ganda la yai. Chuma cha pua kingejaribu kupinda kwanza. Akakwangua ukingo wa kwato kwa tupa, mara moja tu, kijivu kilekile kikatokea.

Nikamwandikia muuzaji. Nikamtumia picha, kwa adabu, nikimwita kaka vilevile. Akajibu: "Umefunga vibaya, mwanya unatakiwa juu." Yeye! Ujumbe wake wa kusema chini nimeuhifadhi, ninao hapa. Nilipomrudishia, akafuta alichoandika, kisha akanibloku. Ukurasa bado uko hewani. Jana ameweka picha mpya ya loki zilezile.

Huyu ni mwizi, na simuiti kwa jina lingine. Arudishe pesa za seti zote mbili. Alipe gharama ya fundi. Ukurasa wake ufungwe, na akifungua mwingine nao ufungwe, na kila mtandao unaopokea malipo yake upelekewe malalamiko mpaka akose pa kuuzia. Namba na picha nimeshazikabidhi panapohusika, na kama naye amewahi kukuuzia, peleka za kwako, tukiwa wengi hawawezi kutupuuza. Mtu anayeuza kitu cha kubeba uzito akijua hakibebi anastahili kushtakiwa, kusamehewa hapana. Ile siku angekuwa amekaa mtoto mbele yangu, ingekuwaje?

Mnaniuliza mtamjuaje. Pakiti inasema kitu kingine na ndani kuna kingine. Springi inayorudi kinyonge. Loki halisi inatakiwa ipige kwa nguvu, tak, na pini ifike mwisho yenyewe. Skrubu laini. Na alisema kitu kimoja nilichokipuuza, kwamba loki hizi "zinaingia kwenye kifungo chochote, hata cha Dunlop". Hapana! Straplok ya Dunlop, loki ya kampuni nyingine, inaingia ndani ya kifungo chake na kushikwa kwa gololi, ya Schaller inakumbatia kifungo kwa nje. Hazichanganyiki. Anayesema zinachanganyika anataka pesa yako tu. Na mkishafunga, hata zikiwa halisi, ning'inizeni gitaa juu ya godoro mvute kwa nguvu kabla ya kusimama nalo, na zile za nati tieni tone la gundi ya kuzuia nati kulegea.

Mimi nimerudi kwenye raba, mpya, na mkanda mpya wenye tundu dogo, mpaka nipate loki kutoka kwa mtu ninayemjua uso.

Dogo, nimekupigia mara nne hupokei. Kama unasoma hapa, usisubiri kesho. Vua hizo loki sasa hivi, na gitaa upige ukiwa umekaa mpaka nije.